Barafu ya Ikweta: Historia ya Vilele Vyeupe vya Afrika Mashariki

Barafu ya kudumu barani Afrika imebaki mahali patatu tu, napo pote ni karibu na ikweta: kilele cha Kibo cha Mlima Kilimanjaro chenye mita 5,895, vilele vya Mlima Kenya vinavyofikia mita 5,199, na safu ya Rwenzori mpakani mwa Uganda na Kongo, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109. Historia yake iliyoandikwa kwa mpangilio haijafikia hata miaka 200. Katika muda huo mfupi barafu hiyo imekanushwa, imethibitishwa, imechorwa kwenye ramani, na sehemu yake kubwa imetoweka.

Kabla ya kuifuata historia hiyo, inafaa kutenganisha mambo ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Theluji ni chembe nyepesi zinazoanguka kutoka mawinguni. Ikianguka usiku juu ya miamba ya Kibo inaweza kuwa imekwisha kabla ya adhuhuri. Barafu ya mlimani huzaliwa pale ambapo theluji ya mwaka mmoja haiishi kabla ya kufunikwa na ya mwaka unaofuata. Tabaka hukandamizana, hewa iliyomo hubanwa, na baada ya miaka mingi panakuwa na mwamba mgumu wa barafu. Mwamba huo ukiwa mnene wa kutosha na ukilalia mteremko, huanza kusogea polepole kwenda chini kwa uzito wake wenyewe, na hapo huitwa mto wa barafu, au kwa neno la vitabuni, barafuto. Katika kusogea hukwangua mabonde na kubeba mawe. Unapokoma huyarundika kuwa matuta yaitwayo moreni. Barafu ikiondoka, moreni hubaki palepale, na ndiyo humwambia mtafiti ilikuwa imefika wapi. Kimo ambacho juu yake theluji huweza kudumu mwaka mzima huitwa mstari wa theluji. Hesabu ya theluji inayoingia na barafu inayopotea kila mwaka ni urari wa barafu. Ukiwa hasi mwaka baada ya mwaka, mto wa barafu hupungua hata kama juu yake kunaonekana weupe.

Watu wa milimani walikuwa na elimu yao ya mambo haya muda mrefu kabla ya kufika kwa wageni wenye madaftari. Kwa Wakikuyu, Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ni makao ya Mungu wao, Ngai, na sala zilielekezwa huko. Wakonzo wa Rwenzori waliihesabu theluji, waliyoiita nzururu, kuwa sehemu ya nguvu za kiroho zinazotawala mlima. Jina hilo lilikuja kubebwa na vuguvugu la Rwenzururu lililozuka mwaka 1962 kudai kujitenga na ufalme wa Toro, na hatimaye na ufalme ambao serikali ya Uganda iliutambua mwaka 2009. Uchagani kulikuwa na simulizi iliyoandikwa na wamisionari wa kwanza. Mangi Rengua, mtawala wa Machame, alituma kundi kubwa la watu wapande Kibo wakachunguze kile kitu cheupe. Aliyerudi ni mmoja tu, aitwaye Sabaya, naye mikono na miguu yake ilikuwa imeharibika. Alisema mlima unalindwa na pepo. Kwa tabibu wa leo, hali yake ni dalili kamili ya viungo vilivyogandishwa na baridi kali. Wengine walikuwa wamekwisha kuitambua tabia ya kitu hicho, kwamba ukikiteremsha ndani ya kibuyu unakuta maji matupu. Hizi zilikuwa taarifa za watu walioona na kugusa, na ubishi uliokuja kuzuka Ulaya ungekuwa mfupi zaidi kama zingepewa uzito uliostahili.

Ubishi huo ulianzia Rabai, nyuma ya Mombasa, alikokuwa akiishi Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, pamoja na mwenzake Johann Ludwig Krapf. Mwishoni mwa Aprili 1848 Rebmann alianza safari ya kwenda Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa misafara ya bara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona weupe unaong'aa juu ya mlima mmoja, akadhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, aliambiwa kuwa ile ni baridi. Mtu aliyekulia kusini mwa Ujerumani hakuhitaji maelezo zaidi: ilikuwa theluji. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la misheni. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, aliona kwa mbali vilele vya Mlima Kenya vikiwa na weupe uleule.

Huko London, William Desborough Cooley alikataa katakata. Alikuwa mwanajiografia wa kusoma na kulinganisha maandishi, aliyeandika mengi juu ya bara la Afrika bila kufika ndani yake, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliitupilia mbali habari ya theluji ya Kilimanjaro kama njozi ya msafiri. Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kana kwamba wataalamu wa wakati ule hawakujua kuwa theluji inaweza kuwepo kwenye ikweta. Sivyo ilivyokuwa. Zaidi ya miaka 100 nyuma, Mfaransa Pierre Bouguer, aliyekwenda katika milima ya Andes, nchi ambayo leo ni Ekwado, kusaidia kupima umbo la dunia, alikuwa ameeleza kuwa mstari wa theluji upo hata kwenye ikweta, ila uko juu sana. Mwaka 1802 Alexander von Humboldt alipanda Chimborazo, mlima wa barafu ulio kidogo kusini mwa ikweta, na habari zake zilisomwa Ulaya nzima. Swali halisi lilikuwa jingine: je, Afrika Mashariki ina mlima wenye urefu huo? Na je, neno la mmisionari asiye na vyombo vya kupimia, likitiwa nguvu na kauli za Wachaga na Waswahili, linatosha kuwa ushahidi? Lilikuwa swali halali. Kosa la Cooley ni kulijibu kwa dharau badala ya kungoja vipimo.

Vipimo vilifika mwaka 1861. Baron Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza aliyewahi kuwa katika msafara wa David Livingstone huko Zambezi. Mwaka uliofuata Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi mita zipatazo 4,200. Walipima mlima kwa pembe kutoka sehemu mbalimbali, na kimo walichokipata kiliuzidi kwa mbali mstari wa theluji. Cooley aliendelea kubisha, lakini wasikilizaji wake walikuwa wamepungua. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari Mmethodisti wa Ribe karibu na Mombasa, alipanda akiwa na wenyeji mpaka akaishika theluji kwa mkono wake.

Ikumbukwe kwamba elimu ya mito ya barafu ilikuwa changa hata huko Ulaya. Louis Agassiz alitangaza nadharia ya enzi ya barafu mwaka 1837 mjini Neuchâtel, Uswisi, miaka 11 tu kabla ya safari ya Rebmann. Naye hakuianzisha peke yake. Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa mabonde ya Alps, alikuwa amewaambia wataalamu miaka 20 hivi nyuma kwamba mawe makubwa yaliyotapakaa mabondeni yaliletwa na barafu iliyokuwa imeenea zaidi zamani. Mwanzoni hakusikilizwa. Uswisi na Uchagani, elimu ya barafu ilianza kwa watu walioishi chini ya mlima, ikachelewa kwa sababu ileile.

Mtu aliyeifanya barafu ya Kilimanjaro kuwa somo la sayansi ni Hans Meyer wa Leipzig. Jaribio lake la mwaka 1887 lilikwama mbele ya ukuta wa barafu. La mwaka 1888 liliishia mikononi mwa wapiganaji wa Abushiri wakati wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima Mwaustria, na kwenye kambi yao ya juu, zaidi ya mita 4,300, aliyekaa nao kuilinda na kuwapikia ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Tarehe 3 Oktoba walianza kupanda gizani. Walipoifikia barafu ya upande wa mashariki, ambayo Meyer aliipa jina la mwanajiografia Friedrich Ratzel, ilibidi wachonge ngazi hatua kwa hatua kwa shoka, na Meyer aliandika kuwa kila hatua iligharimu mapigo yapatayo 20. Hewa ilikuwa nyembamba, kioo cha barafu kilikuwa kigumu, na mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba kuteleza kulimaanisha kifo. Mchana walifika ukingo wa kasoko, wakaona kilele kiko mbele zaidi, wakarudi. Tarehe 6 Oktoba walipanda tena kwa kutumia ngazi zilezile, wakafika juu kabisa, mahali panapoitwa leo Uhuru. Walikuta kasoko limezungukwa na barafu karibu pande zote, na ndani yake kuta nyeupe zilizosimama wima.

Leo maelfu ya watu hupita upande huohuo wa mashariki kila mwaka wakielekea Uhuru, nao hukanyaga changarawe na majivu ya volkeno. Barafu ya Ratzel haipo tena.

Meyer mwenyewe aliuona mwanzo wa mabadiliko hayo. Aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imerudi nyuma na pengo alilopitia ukingoni limepanuka. Mteremkoni, chini sana ya barafu ya wakati wake, alitambua pia moreni na miamba iliyokwanguliwa, akaelewa kuwa Kilimanjaro ilikuwa na mito mikubwa zaidi ya barafu zamani. Kitabu chake cha mwaka 1900 ndicho msingi wa kila ulinganisho uliofanywa baadaye.

Upande wa Mlima Kenya kazi kama hiyo ilifanywa na John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyefika kwenye mito ya barafu mwaka 1893 akiwa na wapagazi wa Zanzibar. Katika kitabu chake cha safari hiyo ameeleza kisa cha kambi ya juu. Wapagazi waliamka wakakuta maji ya kupikia yamekuwa magumu, hayatikisiki chunguni, wakamwendea wakisema yamerogwa. Vyungu viliwekwa motoni na maji yakarudi. Watu hawa walipandishwa kutoka joto la pwani hadi kwenye baridi ya kugandisha bila nguo za kufaa, na bila wao msafara usingefika popote. Gregory aliona moreni mamia ya mita chini ya barafu ya siku zake na akachapisha maelezo yake mwaka 1894. Mito ya barafu ya mlima huo ilipewa majina ya wataalamu wa fani: Tyndall, Heim, Forel, na ule mkubwa kuliko yote, Lewis, kwa heshima ya Mmarekani Henry Carvill Lewis. Halford Mackinder, aliyekifikia kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, alirudi na michoro na picha zilizohesabu mito 18. Rwenzori ilisubiri hadi mwaka 1906, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipoipanda safu nzima na kuichora, huku Vittorio Sella akipiga picha ambazo hadi leo hutumika kupima kiasi cha barafu iliyopotea.

Hatua iliyofuata ilihitaji vipimo sahihi zaidi ya kumbukumbu za wapandaji. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliipiga Kibo picha kwa kamera zilizofungwa katika vituo vilivyopimwa, picha mbilimbili za mahali pamoja kutoka pembe tofauti, na kutoka humo Klute akatengeneza ramani. Ndiyo ramani ya kwanza inayowezesha kutaja eneo la barafu kwa tarakimu: kiasi cha kilomita za mraba 12, na kwa hesabu zilizorekebishwa karibuni, 11.4. Kila takwimu ya upungufu wa Kilimanjaro inayotajwa leo huanzia hapo. Mwaka huohuo Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na ubao wa kutelezea thelujini, na jina la Furtwängler likabaki kwenye kipande cha barafu kilichoko ndani ya kasoko. Mwaka 1926 mmisionari Richard Reusch alimwona chui aliyekauka na kuganda ukingoni mwa kasoko, karibu na mita 5,600 au zaidi, habari iliyokuja kuingia katika hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936. Chui huyo alipata umaarufu kuliko ramani ya Klute, ingawa ni ramani iliyotufaa zaidi.

Mwaka 1934 alifika Carl Troll, mwanajiografia Mjerumani, na kazi yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ilihusu kitu ambacho wapandaji hukikanyaga bila kukiangalia: ardhi iliyoganda. Akiwa na Karl Wien alichora ramani ya mto wa Lewis, kisha akageukia udongo unaouzunguka. Katika Siberia na Alaska kuna ardhi isiyoyeyuka mwaka hadi mwaka, nyingine kwa maelfu ya miaka; tabaka la juu tu hulainika kiangazi. Mlima Kenya una utaratibu mwingine. Juu ya mita 4,000 hivi, joto la Januari na la Julai halitofautiani sana, lakini tofauti ya mchana na usiku ni kubwa mno. Jua likizama, anga tupu hunyonya joto la ardhi, na maji yaliyomo kwenye udongo huvutwa kuelekea juu na kuganda kuwa sindano nyembamba za barafu zilizosimama wima bega kwa bega, zikiwa zimebeba vichwani mwao chembe za udongo na vijiwe. Jua likichomoza sindano hulegea na kuanguka, na kila kijiwe hutua kidogo kando ya pale kilipoinuliwa. Jambo hilo likirudiwa karibu kila usiku kwa miaka mingi, mawe hujipanga kwa mistari kufuata mteremko, makubwa mbali na madogo, na mizizi ya miche hukatwa kabla haijashika. Ndiyo sababu mimea mikubwa ya huko, kama vile lobelia na senesio, imejijengea kinga za kipekee: lobelia hukunja majani yake usiku kulifunika chipukizi, na senesio huyabakiza majani makavu kuwa blanketi la shina. Andiko la Troll la mwaka 1944 lililinganisha barafu ya ardhini ya dunia nzima, na tofauti aliyoiweka kati ya nchi zinazoganda kwa majira na milima inayoganda kwa usiku ingali inafundishwa.

Watafiti wa baada ya Vita Kuu ya Pili walitaka kujua umri wa moreni zile za chini. Huko Rwenzori, Henry Osmaston, aliyekuwa ofisa misitu Uganda, alizipanga kwa vipindi. Mwaka 1962 Daniel Livingstone, mwanaikolojia Mmarekani, alichapisha umri wa tope la chini kabisa la Ziwa Mahoma, lililoko nyuma ya moreni katika mita karibu 3,000. Kaboni ya tope hilo ilionyesha miaka zaidi ya 14,000. Kilimanjaro ilichunguzwa na wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Sheffield pamoja na idara ya jiolojia ya Tanganyika katika miaka ya 1950, na Charles Downie akaeleza vipindi kadhaa vya kuenea kwa barafu, vingine vikiwa vya zamani mno. Maana yake ni kubwa: barafu za ikweta zilitanuka na kusinyaa pamoja na zile za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Enzi ya barafu haikuwa jambo la kaskazini peke yake.

Kwa upungufu wa sasa, Mlima Kenya ndio uliofuatiliwa kwa karibu zaidi. Lewis ulichorwa tena katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 na 1958, na tangu miaka ya 1970 Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa akipigilia vigingi kwenye barafu na kurudi kuvisoma, kazi ya mikono isiyo na umaarufu ambayo imeufanya Lewis kuwa miongoni mwa mito ya barafu ya tropiki yenye kumbukumbu ndefu zaidi. Baada yake wakaja wataalamu wa Austria wakiongozwa na Rainer Prinz. Kati ya 1934 na 2010 Lewis ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, mto wa Gregory, umekwisha kabisa. Rwenzori, iliyokuwa na kilomita za mraba zipatazo 6.5 mwaka 1906, ilibakiwa na chini ya kilomita moja ya mraba mwaka 2003.

Kilimanjaro ilifuata njia hiyohiyo: kutoka kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi 6.7 mwaka 1953, 3.3 mwaka 1989, na 1.76 mwaka 2011. Mwaka 2012 Uwanda wa Barafu wa Kaskazini, mkubwa kuliko zote, ulikatika vipande viwili. Lakini sababu zake zina mkunjo ambao vyombo vya habari huuruka. Kituo cha hali ya hewa kilichosimikwa na Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts juu ya uwanda huo mwaka 2000 kimeonyesha wastani wa joto wa karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Hewa ya baridi namna hiyo haiyeyushi barafu kwa kuigusa tu. Kinachoimaliza ni jua. Jua huupiga ukuta wima wa barafu, na sehemu ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Mgeuko huo hudai nishati zaidi ya mara 8 ya ile inayohitajika kuyeyusha, hivyo katika hewa kavu barafu hupungua polepole kuliko ambavyo ingepungua kama ingeyeyuka. Theluji mpya ikifunika uwanda, hurudisha mwanga angani na barafu hupumzika. Mvua za vuli na masika zikikosa, uso huchakaa, huchafuka, hunywa mwanga zaidi, na hupungua. Georg Kaser, Thomas Mölg na wenzao wa Innsbruck walieleza kwa ushahidi huu kwamba kusinyaa kwa Kibo kulianzishwa na ukavu uliolikumba eneo lote mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo maji ya maziwa ya Afrika Mashariki nayo yalishuka.

Wapo walioichukua hoja hiyo kukanusha kuwa dunia inapata joto, na huko ni kuipotosha. Ukavu na unyevu wa Afrika Mashariki hutegemea joto la Bahari ya Hindi, na bahari hiyo imekuwa ikipata joto. Mlima Kenya na Rwenzori, ambako barafu iko chini zaidi na hewa iko karibu na kiwango cha kuyeyuka, huathiriwa na ongezeko la joto waziwazi. Barafu iliyoshika miamba nayo ikilegea huleta maafa: Januari 2006 maporomoko ya mawe upande wa magharibi wa Kibo, chini ya barafu ya Arrow, yaliua wapandaji 3 kutoka Marekani, na njia ya kupandia upande huo ikafungwa kwa muda mrefu.

Mapema mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alitoboa barafu ya Kibo mahali 6 na kutoa nguzo nyembamba za barafu, ndefu kuliko zote ikiwa na mita karibu 51. Ziliteremshwa zikiwa zimeganda na kusafirishwa hadi majokofu ya Columbus, Ohio. Vumbi na kemikali zilizomo zilisomwa tabaka kwa tabaka, na mwaka 2002 timu yake ilitangaza kuwa barafu ya chini ina umri wa miaka ipatayo 11,700 na kwamba imehifadhi dalili za ukame mkubwa wa kale, mmojawapo wa miaka 4,000 iliyopita. Umri huo umepingwa. Kaser na wenzake wanaona kuna uwezekano kuwa Kibo ilibaki bila barafu zaidi ya mara moja katika milenia zilizopita. Makadirio ya Thompson kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020 pia hayakutimia. Thamani ya nguzo zile haipungui kwa hilo, maana barafu zilikotolewa inazidi kwisha na hakuna atakayeweza kurudia kazi hiyo kwa ukamilifu wake.

Hofu iliyoenea zaidi inahusu maji: kwamba barafu ya Kibo ikiisha, mito ya Moshi na mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji ya Wachaga, itakauka. Hesabu haziiungi mkono. Mvua nyingi ya Kilimanjaro hunyesha kwenye ukanda wa msitu, hasa mteremko wa kusini kwenye mita 2,000 na kitu, na huko ndiko mito na chemchemi nyingi huanzia. Barafu ya kileleni ni ndogo mno kulisha mito hiyo. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeufanyia utafiti mlima huo kwa miongo kadhaa, amekadiria kuwa maji ya ukungu yanayopotea kwa sababu moto umeteketeza misitu ya juu ni mengi kuliko yote yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu. Miti ya juu hunasa ukungu na kuudondosha ardhini. Ikiungua, ukungu hupita tu.

Vipimo vya picha za setilaiti vya miaka ya 2021 na 2022 viliipa Kilimanjaro kilomita ya mraba 0.98, Rwenzori 0.38 na Mlima Kenya 0.07. Mwaka 2022 UNESCO iliiweka barafu ya maeneo ya Urithi wa Dunia barani Afrika miongoni mwa zile zitakazokwisha kabla ya 2050, na hakuna kazi ya mikono inayoweza kufanyika mlimani kuizuia. Msitu ni jambo jingine. Mwaka 2005 mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ulishushwa ili kuujumuisha, lakini moto uliwaka mlimani kwa siku nyingi Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022. Kwa wakazi wa Hai, Moshi na Rombo, kuuzuia moto huo ndiyo kazi ya kulinda maji inayowezekana na isiyofaa kungoja.